Rangi Ni Kazi ya Mwisho: Maneno kwa Wanaoiandaa Nyumba Upya

Mabibi na mabwana, wenye nyumba, wapangaji, na mafundi wenzangu mlioacha kazi zenu kuja kusikiliza, nawashukuru. Nimeombwa niwaeleze namna ya kuifanya nyumba iliyochoka ipendeze tena, ndani na nje, iwe mtu anataka kuiuza, kuipangisha au kuendelea kuishi humo. Najua wengi wenu mmekuja na swali la rangi: ipi, kiasi gani, ya kung'aa au isiyong'aa. Nitafika huko. Lakini nitachelewa, na ninachelewa makusudi, kwa sababu rangi nyingi zinazobanduka kabla ya wakati wake hazikuharibiwa na kiwanda wala na brashi. Ziliharibiwa na kitu kilichokuwa ukutani kabla kopo halijafunguliwa.

Kitu hicho, mara nyingi, ni maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji pesa. Zunguka nyumba yako taratibu, ndani na nje, ukiwa na kalamu na tochi, na tafuta mahali maji yanapoingia. Kila unyevu una alama yake. Doa la kahawia kwenye dari, lenye ukingo ulioiva kuliko katikati, ni maji yaliyoshuka kutoka juu: paa, tangi, au bomba la chumba cha juu. Unyevu ulio chini ya ukuta, unaopanda hadi kama mita moja hivi na kuacha unga mweupe wa chumvi, kwa kawaida unatoka ardhini. Kuvu nyeusi kwenye kona za dari, au nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani, mara nyingi ni mvuke wa humo humo ndani, wa kupika, kuoga na kuanika nguo, uliokosa pa kutokea ukagandia sehemu yenye baridi. Matatizo haya matatu yana dawa tatu tofauti, na hakuna hata moja ambayo dawa yake ni rangi.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni angavu, kama nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa utepe, pande zote nne zikiwa zimezibwa. Kiache kwa siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, unaoelekea chumbani, tatizo ni hewa ya chumba, na unachohitaji ni dirisha linalofunguka au feni ya kutolea mvuke. Jaribio hili linaweza kumwokoa mtu asivunje lipu ya ukuta mzima bila sababu.

Nje nako angalia ardhi. Udongo unaozunguka nyumba unapaswa kuteremka kwenda mbali na ukuta. Kipimo kinachotumiwa sana ni mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Nyumba nyingi zilijengwa vizuri, kisha miaka ikapita, mtu akaongeza bustani, mwingine akamwaga kifusi, wa tatu akasakafia kibaraza juu ya kibaraza cha zamani, hadi ardhi ikapanda juu ya ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa kwenye msingi. Hapo maji yamepewa ngazi. Kuuondoa udongo huo kwa jembe kunaweza kuisaidia sebule kuliko kopo lolote la rangi ya bei ya juu. Mifereji ya paa pia: isafishe, kisha mwagia maji kwa ndoo au mpira, usimame chini utazame yanakokwenda. Mfereji unaomwagia ukutani ni afadhali usiwepo.

Sasa nyufa. Methali ya kuziba ufa kabla hujajenga ukuta mnaijua nyote. Mimi naongeza ombi moja: kabla ya kuuziba, usome. Ufa mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, mara nyingi ni lipu tu iliyojikunja ikikauka, na unazibika kwa puti na msasa. Ufa unaozidi milimita 5, au unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au ulio mpana juu kuliko chini, au uliokuja pamoja na milango iliyoanza kukwama, huo unazungumza habari za msingi, na wa kuitwa ni mhandisi. Ule wa katikati, usiojulikana kama umelala au unatembea, uwekee alama: chora mstari wa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe pembeni, na uupime tena baada ya wiki na miezi. Ufa unaotembea ukizibwa leo utafunguka tena palepale, na puti yako utaikuta sakafuni.

Kuna hatari mbili ambazo lazima nizitaje kabla mtu hajashika msasa. Ya kwanza ni madini ya risasi katika rangi za zamani. Hili si jambo jipya: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo, na bado Marekani ilifika mwaka 1978 ndipo ikapiga marufuku rangi zenye risasi majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Rangi hiyo ikiwa imetulia ukutani, nzima, hatari yake ni ndogo. Ukiipiga msasa mkavu unaigeuza vumbi, na vumbi hilo litakaa sakafuni anapotambaa mtoto. Kama nyumba ni ya zamani na hujui rangi zake, ipimwe kwanza. Ikibidi kukwangua, lowesha, funika, watoe watoto na mama wajawazito, na usafishe kwa kitambaa cha maji, usifagie.

Ya pili ni asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na ambayo kwa miaka mingi yalichanganywa na saruji kutengeneza mabati ya mawimbi, mabomba na mbao za dari. Usiitoboe, usiikate, usiisugue kwa brashi ya waya. Mwite mwenye ujuzi na kibali cha kuiondoa. Hapa sina njia ya mkato ya kuwapa, na mtu yeyote anayewaambia anayo, msimsikilize.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo wateja huilipia kwa shingo upande: maandalizi ya ukuta. Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alisisitiza kwamba ukuta upate lipu ya mchanga isiyopungua tabaka tatu kabla haujapewa zile za marumaru iliyosagwa, ili upakaji wa mwisho upate pa kushika. Vifaa vimebadilika; mantiki yake haijabadilika. Rangi ni ngozi nyembamba mno. Ikikauka unene wake ni sehemu ndogo ya milimita moja. Haina uwezo wa kuficha bonde, wala kushika vumbi, wala kuungana na mafuta ya kupikia yaliyoganda juu ya jiko. Inaonyesha tu kilicho chini yake, na ikiwa inang'aa, inakionyesha kwa sauti kubwa.

Basi osha kwanza. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, kisha maji safi ya kusuuza, kwa sababu sabuni iliyobaki ukutani nayo inazuia rangi kushika. Penye kuvu, iue kwa dawa yake kabla ya kupaka. Ukitumia dawa ya klorini, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na amonia wala siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Pitisha kiganja ukutani: kikirudi na unga, ukuta unahitaji praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zinazofuata, ya kuushikilia. Bandika kipande cha utepe wa gundi kali juu ya rangi ya zamani ukivute ghafla. Kikitoka na rangi, hiyo rangi haitaweza kubeba nyingine. Na kama hujui rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, sugua kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ya maji italainika na kuchafua kitambaa, ya mafuta haitajali. Hili ni muhimu, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila msasa wala praima, utaweza kuibandua kwa ukucha.

Lipu mpya ina sharti lake. Saruji na chokaa zikiwa changa zina alkali kali, na alkali hiyo huigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kama sabuni. Acha lipu ya saruji ikae kama siku 28, na hata baada ya hapo tumia praima inayostahimili alkali. Mwenye haraka atanilaumu hapa. Lakini muda huo si wa bure: ndio muda wa kurekebisha madirisha, kubadilisha bawaba, kuziba grauti, ile saruji ya katikati ya vigae, ya bafuni na kutengeneza koki zinazovuja.

Halafu wenye nyumba za zamani zenye kuta za mawe au matofali yaliyojengwa kwa chokaa, au kuta za udongo, nawaomba sana: msizivalishe saruji wala rangi isiyopitisha hewa. Kuta hizo zinaishi kwa kupumua. Hunywa unyevu na kuutoa. Ukizifunga, maji yanabaki ndani, yanaila chokaa na kuozesha mbao zilizoshikana nayo, na juu unaona malengelenge. Chokaa ya kupaka, au rangi maalumu zinazopitisha mvuke, zipo, na zinapendeza.

Sasa rangi yenyewe. Hesabu kwanza. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwenye ukuta laini ulioshapakwa praima. Kwenye lipu ya kukwaruza ni pungufu. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mzunguko wa mita 14, yaani karibu mita za mraba 38 za ukuta. Toa mlango na dirisha, baki na 34. Mikono miwili ni 68. Kwa hiyo lita 6 hadi 7. Nunua zote kwa pamoja, angalia namba ya toleo kwenye makopo, na uyachanganye yote kwenye ndoo moja, kwa maana makopo mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta, mahali pabaya kuliko pote.

Kuchagua rangi kwa kutazama kikaratasi kidogo dukani ni kubahatisha. Paka sampuli kwenye ubao au kadibodi nyeupe, upana wa nusu mita angalau, mikono miwili, kisha usogeze ubao huo ukuta hadi ukuta. Utazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Rangi hubadilika na mwanga. Ile iliyokuwa ya krimu mchana inaweza kuwa ya manjano chini ya taa ya joto, na kijivu kizuri kikageuka buluu kwenye chumba kisichopata jua. Na hapa nataka nipinge ushauri unaosambaa kila mahali, kwamba nyumba ya kuuzwa ipakwe nyeupe tupu, vyumba vyote. Nyeupe inarudisha mwanga uliopo. Haiwezi kurudisha usiokuwepo. Kwenye chumba chenye giza nyeupe tupu huonekana kijivu, kikavu, kama pameachwa. Chumba cha namna hiyo kipe rangi yenye joto kidogo na taa nzuri. Ninachokubali ni kwamba mtu anayekuja kuona nyumba asilazimishwe kupigana na zambarau yako. Rangi tulivu inampa nafasi ya kujiona akiishi humo.

Kuhusu mng'aro: dari isiyong'aa kabisa, kwa kuwa mwanga wa dirishani ukipita juu yake kwa ubavu hufichua kila alama ya mwiko; kuta za sebule na vyumba vya kulala zenye mng'aro kidogo; jikoni, bafuni na kwenye korido ya watoto ile inayosuguliwa; milango na fremu zenye kung'aa zaidi. Anza juu ushuke: dari, kuta, mbao, na sakafu mwishoni. Funika vizuri. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua vifuniko vya soketi, na uvifungue kweli, usivipake pembezoni. Silikoni haishiki rangi, kwa hiyo penye kupakwa tumia ziba-nyufa ya akriliki.

Rangi ya maji hukauka mkononi kwa saa moja au mbili, lakini kuiva kwake huchukua wiki kadhaa. Kabla haijaiva ukiegemeza kochi litaganda, ukisugua doa utaondoka na rangi. Anayetarajia wageni wa kuona nyumba amalize kupaka angalau wiki mbili kabla.

Nje, mambo ni yale yale ila adui wameongezeka. Usipake ukuta unaochomwa na jua. Rangi hukauka juu kabla haijashika chini. Lizunguke jengo ukifuata kivuli. Usipake jioni sana umande unapokaribia, wala mvua ikiwa karibu. Bati jipya la zinki lina tabia inayowashangaza wengi: rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa juu yake moja kwa moja hupambana na zinki na baadaye kutoka kwa mapande mapana. Linahitaji praima yake mahususi. Chuma chenye kutu kisugue hadi kutu inayobanduka iishe, kisha kipe praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, usikiache kilale wazi. Kwenye mbao, ncha zilizokatwa ndizo zinazonyonya maji kuliko ubavu, kwa hiyo zishibishe praima kwanza, hata zile ambazo macho hayazioni, chini ya mlango kwa mfano. Na ngazi: kwa kila mita 4 za kupanda, mguu wake usogee mita 1 kutoka ukutani. Nimeona watu waangalifu kwa kila kitu wakapuuza ngazi.

Nimefika kwenye kuipanga nyumba ionwe. Kazi hii ina jina baya mahali pengine, kwa sababu kuna wanaoifanya kuwa ulaghai: zulia juu ya kigae kilichopasuka, kabati mbele ya ukuta wenye maji, manukato mazito juu ya harufu ya kuvu. Naikataa kabisa namna hiyo. Nchi nyingi zina sheria zinazomtaka muuzaji aseme kasoro anazozijua, lakini hata pasipo sheria, huyo anayekuja atalala humo na watoto wake. Kuipanga nyumba kwa haki maana yake ni kumwezesha mgeni aione nyumba yenyewe, isifichwe na vitu vyako wala na uchovu wake.

Anzia mlangoni, maana hapo mgeni husimama akingoja, na macho yake hayana kazi nyingine. Kitasa kisiyumbe, kengele ilie, bawaba zisilie, rangi ya mlango iwe safi, taa ya kibarazani iwake. Ndani, toa vitu. Sio kuvipanga tu, kuvitoa: theluthi ya fanicha katika nyumba nyingi inaweza kuondoka bila kukosekana. Acha njia za kupita zenye upana wa sentimita 90. Chumba kiwe na kazi moja inayoeleweka. Chumba cha kulala kilichogeuzwa stoo kinamfanya mgeni aamini kwamba nyumba haina stoo, na kwamba ina chumba pungufu. Safisha vioo vya madirisha pande zote mbili, kabla ya kununua taa yoyote. Kisha balbu: chumba kimoja kiwe na mwanga wa aina moja, wa joto wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye balbu) 2700 hadi 3000 sebuleni na vyumbani, na kama 4000 jikoni kwenye kukatia na kupimia. Balbu nyeupe kali moja kati ya tatu za joto huifanya rangi uliyoichagua kwa taabu ionekane na mabaka.

Picha za mwenye nyumba na familia yake ndiyo, chache. Sikubaliani na wanaosema zitolewe zote hadi nyumba ionekane ya hoteli. Nyumba iliyokaliwa vizuri ina mvuto wake, na kitabu kilichoachwa mezani hakijamfukuza mtu.

Harufu ifuatilie hadi chanzo chake: mtego wa maji wa sinki uliokauka, zulia, kapu la takataka, unyevu. Ukishakiondoa, hewa ya madirisha mawili yaliyo wazi pande zinazokabiliana itatosha. Picha za tangazo zipigwe mchana, mapazia yakiwa wazi, kamera ikiwa usawa wa kifua, bila lenzi inayokifanya chumba kuwa ukumbi. Mgeni aliyedanganywa na picha huingia akiwa tayari amekasirika.

Na mkimaliza, andikeni. Chukueni daftari moja muandike kila chumba kilipakwa rangi gani, namba yake, ya kampuni gani, mwezi gani, praima ipi ilikuwa chini; valvu kuu ya maji iko wapi; ufa upi uliwekewa alama na vipimo vyake vilikuwa vipi. Mabaki ya rangi yafungeni kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, maana hewa ndiyo inayoyaharibu, na muyaandike jina la chumba. Atakayefuata, awe mnunuzi, mpangaji au wewe mwenyewe baada ya miaka, ataweza kurekebisha mkwaruzo mmoja bila kupaka ukuta mzima.

Pale pembeni nimeweka vibao vya lipu: kimoja kikavu, kimoja chenye chumvi, kingine chenye rangi ya maji iliyopakwa juu ya ya mafuta bila msasa. Njooni mvishike, mkwangue kwa kucha zenu, kisha niulizeni maswali. Mwenye picha za nyufa kwenye simu aje nazo. Hizo tutaanza nazo.